Ngazi ya Tisini

Daktari ni kijana. Aliwahi kukaa safu yangu ya tatu,
akichelewa kila Jumanne.
Leo ananifunga mkono kwa kitambaa cha tansiyo,
anapuliza, anasikiliza, anakunja uso
kama nilivyokuwa nikikunja mimi mbele ya karatasi yake.
"Kumi na saba kwa kumi na moja, Prof."
Alama za juu kuliko zote nilizowahi kupata,
na hakuna aliyepiga makofi.

Akaandika. Mwandiko wake bado mbaya.
Atembee. Apunguze chumvi.
Lenga-lenga, maharagi, nyama mara moja kwa juma.
Maji. Bia aiage polepole.
Alale mapema.

Kesho yake nikamwambia Chizungu wa moto: leo hapana.
Akanitazama viatu, akatikisa kichwa.
Bukavu ni mji uliojengwa na mtu aliyechukia magoti.
Toka Nguba ziwani mpaka oditori huko juu
unapanda, na ukishuka, unashuka ili upande tena.
Ngazi za udongo nyuma ya soko la Kadutu nilizihesabu:
mia mbili na kumi na nne.
Kwenye ya sitini moyo uliniuliza jina langu.
Kwenye ya tisini nikasimama, nikajifanya nasoma simu,

na hapo ndipo waliponipita,
silabusi kwapani, viatu mkononi kwa ajili ya matope,
"Jambo, Prof." "Jambo, Prof."
Wala hawahemi.

Mmoja akabaki nyuma, Ntakwinja wa mwaka wa pili.
Anatoka Panzi kwa miguu, saa nzima na robo, kila siku ya Mungu.
Nikamwambia, kwa sauti ya karatasi yangu mpya:
"Kutembea ni afya."
Akacheka kwa adabu.
"Ndiyo, Prof. Mimi ninayo ya kulazimishwa."
Nyama? Noeli.
Lenga-lenga? Hata ndoto zangu ni za kijani.
Maji? Bomba likiwa na moyo mwema.
Kulala mapema? Umeme ukienda, tunafanya nini kingine?

Nililipa dola kumi na tano
niagizwe kuishi kama mwanafunzi wangu.
Ila penye mwandiko mbaya wa daktari, "mara tatu kwa siku,"
yeye alikuwa na mara moja,
jioni, na wadogo zake watano kwenye sahani ileile.

Saa nne, katikati ya somo, akalaza kichwa juu ya meza.
Mkono wangu ulishainuka kuonyesha mlango.
Miaka kumi na tisa unainuka hivyo, umezoea.
Wangapi niliwatoa nje kwa usingizi,
wakakusanya kalamu zao kimya, wakaenda,
nami nikarudi ubaoni nimeridhika?
Mwenye shibe hamjui mwenye njaa:
niliiandika shule ya msingi, bila kosa,
nikapata kumi kwa kumi.

Mkono nikauingiza mfukoni.
Somo likaendelea, kwa sauti ya chini.

Siku hizi Mama Cibalonza ananiwekea, pale getini,
avoka mbili, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha,
hela ileile niliyokuwa nikimpa Chizungu.
Tunakula kwenye ngazi ya juu kabisa, anayekuja anakuja:
apariteri na kitambi chake,
Ntakwinja, anayefunga nusu yake kwenye karatasi ya mtihani wa zamani
akidhani sioni,
na mtunza fedha wa chuo, aliyekuja kututania
akaketi.
Prof Namegabe bado anaendesha gari lake mpaka mlangoni,
anatupigia honi.

Nimerudi kwa daktari. Kumi na tano kwa tisa.
"Vizuri! Umepunguza nini, Prof?"
"Mdomo," nikasema.
Akaandika: chumvi.